Kuzamia kutoka ufukweni Cape Town: dalili, vyanzo na mahali pa kuachia

Aliyejifunza kuzamia Mnemba, Mafia, Watamu au Diani amezoea maji ya nyuzi 25 hadi 29, suti ya milimita 3, vipande vichache vya risasi vya kuongeza uzito kiunoni na boti inayomshusha juu ya mwamba. Akifika Cape Town anakutana na bahari nyingine kabisa. Upande wa Atlantiki, pale Oudekraal, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kwenda mbali na maji ya kilindini hupanda kujaza nafasi, hata joto likashuka chini ya nyuzi 10. Upande wa False Bay, kuanzia Simon's Town hadi Miller's Point, majira ya baridi ya Juni hadi Agosti maji huwa kwenye nyuzi 12 hadi 15. Na sehemu nyingi unaingia kwa miguu yako mwenyewe, mtungi mgongoni, juu ya mawe yenye utelezi.

Hitilafu zinazowapata wageni kule hujirudia, ndiyo maana nimezipanga kwa dalili. Kwenye kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi ulio rahisi. Nyingi zina dawa ukiwa bado nchi kavu. Zinageuka hatari pale mtu anapoona kitu hakiko sawa na bado akashuka, kwa kuwa amesafiri mbali na amelipia kila kitu. Niliposema acha, tafadhali acha. Bahari ile itakuwepo kesho.

Umefika, lakini bahari haiingiliki

Chanzo cha kwanza ni kuchagua upande usio wa siku hiyo. Kwetu mtu huuliza kwanza habari za maji: ni bamvua au maji mafu, yanajaa au yanatoka. Cape Town tofauti ya kujaa na kupwa haifiki mita 2, kwa hiyo swali la kwanza ni upepo. Kusini-mashariki, upepo mkuu wa kiangazi, huingia moja kwa moja False Bay na kuchafua maji ya Simon's Town. Siku hizo Oudekraal husitirika nyuma ya mlima, maji yakawa safi na baridi kali. Kaskazini-magharibi, upepo wa majira ya baridi, hufanya kinyume: Atlantiki huchafuka, False Bay upande wa Simon's Town ikatulia.

Chanzo cha pili huwadanganya wengi: upepo umekufa tangu jana, lakini mawimbi marefu ya dhoruba ya mbali ndiyo kwanza yanafika. Ufukwe unaonekana shwari kwa dakika tano, kisha yanakuja makubwa matatu au manne mfululizo. Kabla hujavaa chochote, simama uangalie bahari robo saa nzima. Tafuta pa kuingilia, halafu tafuta pa kutokea, na jiulize utatokaje pale ukiwa umechoka na wimbi kubwa zaidi ya ulilokwisha kuliona. Kama huna jibu, acha, nenda upande wa pili wa rasi.

Neno moja la pembeni: eneo kubwa la pwani hiyo limo ndani ya hifadhi ya bahari ya Table Mountain, iliyotangazwa mwaka 2004, na mzamiaji anatakiwa awe na kibali. Kitafute mapema, kisiwe jambo la kukukimbiza asubuhi ya kuzamia.

Pumzi inakukatika mara tu unapoingia

- Mshtuko wa baridi. Maji yakigusa uso na shingo, mwili huvuta pumzi wenyewe, haraka na mfululizo. Hali hii hupungua ndani ya dakika moja hadi tatu. Ingia hadi kiunoni, nawa uso, acha maji yaingie shingoni taratibu, elea juu ukipumua polepole mpaka pumzi irudi. Usishuke kabla.
- Umechoka na kubeba vifaa. Suti nene, mtungi wa chuma na kilo za risasi juu ya mawe si kazi ndogo. Pumzika ukiwa umeelea.
- Suti inakubana kifua na shingo. Hii ni kawaida kwa suti za kukodi. Ukiwa nchi kavu, kama huwezi kuvuta pumzi ndefu hadi tumboni, omba saizi nyingine.
- Vali ya mtungi haikufunguliwa vya kutosha. Vuta pumzi mbili nzito huku ukitazama geji ya presha. Mshale ukicheza, ukashuka unapovuta na kupanda unapoachia, vali iko nusu.

Pumzi isipotulia baada ya dakika tano juu ya maji, toka. Mwenye shinikizo la damu, pumu au tatizo la moyo asisubiri maji baridi yampime. Aonane na daktari anayeelewa uzamiaji kabla ya safari.

Hushuki, au unashuka na kushindwa kujizuia

Hapa ndipo wageni kutoka maji ya joto hupoteza muda mwingi. Suti ya milimita 7 ya vipande viwili pamoja na kofia imejaa viputo vya gesi ndani ya mpira wake, na viputo hivyo vinakuinua. Aliyezoea kilo 4 si ajabu akahitaji kilo 10 hadi 14. Akiongezewa kwa kukisia hushuka vizuri, kisha akifika mita 10, ambako presha ni mara mbili ya ile ya juu, viputo vya suti vimebaki nusu na ghafla amekuwa mzito. Anajaza jaketi la kuelea, anapanda kidogo, hewa ya jaketi inatanuka, anapaa. Anamwaga hewa, anazama. Mtungi unakwisha kwa kazi hiyo.

Pima hivi. Vaa kila kitu, pamoja na glavu na kofia, uende kwenye kina usichoweza kusimama. Toa hewa yote kwenye jaketi, shika pumzi ya kawaida: maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi uzame polepole. Kama mtungi ni wa alumini na umejaa, ongeza kilo 2 hivi, kwa sababu ukikaribia kwisha huanza kuelea. Wa chuma hauna shida hiyo kwa kiwango hicho, na kule utaukuta mara nyingi, kwa hiyo uliza ni upi unaopewa kabla ya kuhesabu risasi.

Kabla ya kuongeza kilo, hakikisha huelei kwa sababu nyingine: hewa iliyonaswa kwenye kofia na mabegani mwa suti ambayo haijalowa vizuri, mapafu yaliyojaa kwa wasiwasi, au miguu inayopiga mapezi huku ukidhani umetulia. Subiri dakika mbili, toa pumzi yote, jaribu tena.

Risasi zote zisiwe mahali usipoweza kuzitupa. Jaribu kufungua mkanda ukiwa na glavu mkononi, nchi kavu, macho yamefumbwa. Ukishindwa hapo, usiingie.

Regyuleta inamwaga hewa bila kukoma

Wengi hufikiri mara moja kwamba regyuleta, kifaa cha kupumulia, imeganda barafu. Katika maji ya nyuzi 13, mara nyingi sivyo.

Ikitokea juu ya maji, fuata mpangilio huu. Kwanza, mdomo wa regyuleta umeangalia juu: igeuze iangalie chini ndani ya maji, au ziba tundu kwa kidole. Pili, kile kiswichi cha pembeni kimewekwa upande wa kupiga mbizi. Kirudishe upande wa kusubiri mpaka uanze kushuka. Tatu, mchanga. Ukivaa vifaa ufukweni na kuacha regyuleta iburute chini, punje moja chini ya kitufe cha katikati inatosha. Isuuze ndani ya maji ukiitikisa, bila kubonyeza kitufe. Nne, marekebisho ya ndani: regyuleta iliyolegezwa ili ivutike kwa urahisi kwenye maji ya joto itamwaga kule. Tano, hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, inapitisha presha kuliko inavyotakiwa. Dalili yake ni regyuleta kukaa kimya dakika moja au mbili baada ya kufungua vali kisha kuanza kutiririsha hewa polepole. Hapo ni fundi, si wewe na bisibisi.

Barafu ipo, na ndiyo hatari ya upande wa Atlantiki. Hewa inapotoka kwenye presha ya bar 200 na kutanuka hadi presha ndogo, inapoa sana. Chuma cha hatua ya kwanza kinaweza kushuka chini ya sifuri hata kama maji yenyewe ni nyuzi 8. Maji yaliyogusa springi yanaganda, vali inabaki wazi, hewa inamwagika, na kumwagika kwenyewe kunazidi kupoza chuma.

Ukaguzi muhimu kuliko wote unaufanya nyumbani, ukiwa na taa na muda. Geuza hatua ya kwanza usome maandishi yaliyochongwa. Ukiona EN 250, kiwango cha Ulaya cha regyuleta, ikifuatiwa na ">10°C", regyuleta hiyo haikupitishwa kwa maji ya chini ya nyuzi 10. Iache nyumbani na ukodi inayofaa, yaani ambayo hatua yake ya kwanza imezibwa maji yasiingie kwenye springi. Yako ikifaa, bado ipeleke kwa fundi kabla ya safari na umwambie unakwenda maji baridi.

Ukiwa kule, usipumulie regyuleta wala kubonyeza kitufe chake ukiwa nje ya maji kwenye upepo wa baridi: unyevu wa pumzi yako hubaki ndani. Usijaze jaketi kwa mkupuo mrefu, wala usijaze huku ukivuta pumzi. Jaza kwa vipande vifupi.

Ikianza kumwaga ukiwa chini:

1. Usiitoe mdomoni kwa hofu. Legeza midomo, hewa ya ziada itoke pembeni, vuta unayohitaji.
2. Mwite mwenzako, hamia kwenye regyuleta yake ya akiba.
3. Ukishaipata hewa yake, na hapo tu, yeye anaweza kuifunga vali yako ili barafu iyeyuke na mtungi usiishe.
4. Pandeni pamoja, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, bila kubana pumzi.

Mtungi wa lita 12 huisha ndani ya dakika chache kwa hali hiyo, na kadiri ulivyo chini ndivyo unavyoisha haraka. Kwa hiyo mwenzako awe pale unapoweza kumgusa. Na mbizi imekwisha. Hata ikitulia mkiwa mita 5, msirudi chini.

Jaketi linajijaza lenyewe

Ni chumvi iliyoganda kwenye kitufe, au barafu. Chomoa bomba la hewa, mwaga hewa kwa kamba ya begani, kisha jaza kwa mdomo panapohitajika. Ugumu ni kulichomoa bomba ukiwa na glavu za milimita 5. Lifanyie zoezi chumbani usiku uliotangulia, mara nyingi, mpaka mkono uijue njia.

Vidole havisikii, mwili unatetemeka

Maji huondoa joto mwilini haraka takriban mara 25 kuliko hewa, na suti yako hukonda kadiri unavyoshuka. Vyanzo kwa mfuatano: suti kubwa inayopitisha maji mgongoni kila unapojikunja, kofia isiyoingia chini ya kola ya suti, ulianza mbizi tayari umepoa kwa kusimama kwenye upepo, hukula, hukulala, au ulikunywa pombe jana, mbizi ya pili imefuata haraka mno. Siku ya pili na ya tatu ya safari mtu hupoa upesi kuliko ya kwanza, hata kama vifaa ni vile vile.

Suti inakaguliwa kwa mkono: ukiweza kuikamata na kuivuta mbali na mwili pale kiunoni nyuma, chini ya kwapa au nyuma ya shingo, maji yatapita hapo. Badilisha kabla ya kulipa.

Chini ya maji tumia kipimo kimoja kila baada ya dakika tano. Gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Kikifika kwa wepesi, endelea. Kikisitasita, au ukalazimika kutazama ili ujue kama vimegusana, geuka urudi. Mkono usioweza kugusisha vidole hautafungua mkanda wa risasi wala kuchomoa bomba.

Kutetemeka kusikozuilika ni mwisho wa mbizi, hakuna mjadala. Linalotisha zaidi ni mtu aliyekuwa anatetemeka akaacha huku bado ana baridi, akaanza kusema maneno yasiyounganika, kujikwaa, au kusinzia. Joto la mwili wake huenda limeshuka chini ya nyuzi 35. Mlaze chali, mtoe kwenye upepo, mvue suti kwa upole, mkaushe, mfunike pamoja na kichwa, na mpigie msaada. Usimsugue mikono na miguu, usimtembeze, usimweke kwenye maji ya moto. Chai tamu ya uvuguvugu ni kwa aliye macho kabisa na anayemeza vizuri.

Kwa aliyepoa kawaida tu: nguo kavu, kofia ya sufu, chakula, gari lisilo na upepo. Kuoga maji ya moto sana mara tu baada ya mbizi nako si kuzuri, kwa sababu mwili bado una naitrojeni na ngozi ikipata joto ghafla viputo hujitokeza kwa urahisi zaidi.

Suti kavu ni dawa nzuri ya baridi, lakini usiikodi kwa mara ya kwanza ukiwa safarini bila mwalimu. Hewa ikikimbilia miguuni inakupandisha kichwa chini, na hilo linahitaji mafunzo.

Maumivu ya sikio, au dunia inazunguka

Kama sikio linauma na umelisawazisha kama kawaida, tazama kofia. Ikiziba sikio kabisa, hewa hunaswa kati yake na ngoma ya sikio, na kusawazisha kwa pua hakusaidii. Ivute kidogo maji yaingie kabla ya kushuka. Vinginevyo ni mafua. Panda, na usizamie siku hiyo.

Kizunguzungu cha ghafla hutokea maji baridi yakiingia sikio moja kabla ya jingine. Shika mwamba, tazama kitu kimoja, subiri. Huisha chini ya dakika moja hivi. Kisipoisha, au kikija na kutapika au kusikia kupungua, panda polepole na mwenzako amekushika, umwone daktari siku hiyo hiyo.

Miwani ina ukungu

Uso una joto, kioo ni baridi. Mate au tone la shampuu ya watoto, suuza kidogo, na usiivae kabla ya kuingia. Mpya isuguliwe ndani kwa dawa ya meno.

Kelpu imekukamata

Kelpu ni mwani mkubwa unaosimama kutoka kwenye mwamba hadi juu ya maji. Hauna nia mbaya na wewe. Kinachonaswa ni vali ya mtungi, kisu cha mguuni, kifungo cha pezi, au geji inayoning'inia. Anayejizungusha kutafuta kilichomkamata hujifunga zaidi. Simama, rudi nyuma nusu mita, mwache mwenzako aondoe. Ukiwa peke yako kwa sekunde hizo, ukunje unyuzi mpaka uvunjike, maana ukiuvuta haukatiki. Nchi kavu, banisha kila kinachoning'inia na ugeuze vifungo vya mapezi viangalie ndani.

Baki na bar 70 hadi 80 kwa ajili ya kurudi chini ya kelpu. Kupita juu yake ni kutambaa, na kunachosha vibaya.

Kutoka majini kumekuwa kugumu

Baki nje ya pale mawimbi yanapovunjika mpaka yale makubwa yapite, weka regyuleta mdomoni na miwani usoni hadi uwe nchi kavu, na usivue mapezi kabla hujaweza kusimama imara. Ukianguka, tambaa. Kama wimbi limekua ukiwa chini, jaza jaketi, elea nje, toa ishara kwa aliyeko ufukweni. NSRI, chama cha kujitolea cha uokoaji baharini cha Afrika Kusini, kipo kwa ajili ya hali hiyo hiyo. Weka namba yao kwenye simu ya mtu anayebaki nchi kavu. Kutoka simu ya mkononi, 112 hukuunganisha na huduma za dharura.

Kikohozi, pumzi fupi, au maumivu baada ya mbizi

Kikohozi kinachoanza majini, kifua kinachobubujika, makohozi ya povu au yenye rangi ya waridi: hayo ni maji yanayojikusanya kwenye mapafu, na maji baridi pamoja na suti ya kubana huyachochea, hasa kwa wenye shinikizo la damu. Mtu husema "nimemeza maji tu" na kuendelea. Usimkubalie. Mtoe majini, mkalishe wima, mpe oksijeni, hospitali. Asizamie tena mpaka daktari aamue, hata akijisikia mzima jioni.

Maumivu ya kiungo yasiyo na sababu, ganzi, wekundu wa madoa kwenye ngozi, uchovu usio wa kawaida au udhaifu wa mguu vinaweza kuwa viputo vya naitrojeni. Hatari huongezeka kwa aliyeshuka akiwa na joto, akafanya kazi ngumu chini, kisha akapanda amepoa, kwa sababu damu haifiki vizuri mikononi na miguuni kuiondoa gesi. Oksijeni ya asilimia 100, maji ya kunywa kama anameza vizuri, alale, apigiwe simu: huduma za dharura kwanza, kisha DAN (Divers Alert Network), shirika la kuwasaidia wazamiaji, tawi la kusini mwa Afrika, ambao watawaelekeza chemba ya presha ipi iko tayari. Msiendeshe gari kwenda kuitafuta wenyewe. Wala asirudishwe majini "kujitibu".

Ndege ya kurudi Nairobi au Dar es Salaam isiwe chini ya saa 18 baada ya mbizi ya mwisho, kama ulizamia zaidi ya mara moja au siku kadhaa mfululizo. Ukiwa na dalili yoyote kati ya hizo, hata ndogo, usipande ndege kwa kuhesabu saa. Zungumza kwanza na daktari wa uzamiaji, na umtajie kina, muda na joto la maji la kila mbizi.